Volti Mia Tisa za Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa maabara ya fizikia chuoni, mwaka wa thelathini na moja sasa. Chuo kizima humwita Shangazi, tangu nilipokuwa mwanafunzi pale na watu wakanisikia nikimwita hivyo. Hakuolewa. Anaishi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya chuo, na nikimtembelea hunipokea kama mtu aliyekuwa akiongea na mwingine nikawakatiza, ingawa ndani hamna mtu.

Kwa muda mrefu alikuwa na mwenzake wa kazi, fundi tuliyemwita Lehemu. Walikaa meza moja, viti viwili, wakigombana kutwa nzima juu ya nani kaficha koleo. Halafu siku moja Lehemu akaingiza mkono kwenye sanduku la umeme la vihesabio vya mnururisho, vile vinavyopima mionzi, akiamini limezimwa. Masanduku yale ya zamani yalitoa volti mia tisa na mkondo wa kumwaga. Lilimtupa hadi kabatini. Alipona, ila mkono wa kulia ukabaki unatetemeka, na binti yake akaja kumchukua akaishi naye, safari ya siku nzima kutoka hapa. Masanduku yakafungiwa stoo. Kiti cha pili Shangazi hakukiondoa.

Ndipo alipoanza kubuni kisanduku chake. Kinapokea volti kumi na mbili za betri na kuzipandisha hadi mia tisa, lakini mkondo wake ni mdogo mno, kiasi kwamba mwanafunzi akikigusa atasikia kama kaumwa na sisimizi, ataruka, atacheka, basi.

"Nimekinyima nguvu makusudi," aliniambia. "Kihesabio chenyewe hakili kitu. Kinataka volti tu."

Mkuu wa idara alimpa hadi Ijumaa asubuhi. Kisanduku kikishindwa, vihesabio vitatupwa, kona ile ya maabara itawekwa kompyuta, na Shangazi atahamishiwa masjala kugonga mihuri mpaka astaafu.

Kisanduku kikashindwa. Kila alipoweka mita, ilisoma mia nne na kumi. Alibadilisha dayodi zote, kapasita zote, bado mia nne na kumi. Akafumua transfoma na kuisuka upya, raundi mia nane za waya mwembamba kama unywele, akihesabu kwa sauti kwa kuwa hapakuwa na wa kumsumbua. Mia nne na kumi.

"Shangazi, kisanduku kimesusa?" mtunza stoo alimuuliza alipofuata waya mwingine. "Kibembeleze basi, labda kinataka kuposwa."

"Kikiposwa kabla yangu nitakivunja," akajibu, wakacheka wote wawili. Kisha akarudi mezani kwake, na siku hiyo hakusema neno lingine na mtu yeyote.

Alhamisi mchana alikata tamaa. Aliondoa mita, akaanza kupanga vitu kwenye boksi. Kwa mazoea tu ya mikono, kabla ya kuzima betri alichomeka kihesabio kwenye kisanduku, aone kama soketi imeshika.

Tk.

Akasimama. Kimya. Halafu tena: tk. Tk, tk. Kihesabio kilikuwa kinahesabu ule mnururisho hafifu uliopo kila mahali, ukutani, mchangani, ndani ya mifupa yetu. Kwa volti mia nne kisingeweza kutoa hata mlio mmoja.

Akarudisha mita taratibu. Milio ikakoma. Akaitoa. Tk.

Alikaa chini, akashika tama. Mita ilikuwa inakunywa. Mita yoyote hunywa mkondo kidogo inapopima, na masanduku ya zamani yalikuwa na mkondo wa kutosha hata yasihisi. Hiki chake kilikuwa na tone tu, na kila alipokuja kukitazama alilinywa lile tone lenyewe. Somo hilo alitufundisha sisi sote mwaka wa kwanza. Wiki mbili nzima alikuwa akitibu kitu kizima.

Mchana ule aliunga rezista tisini na tisa, kila moja yenye ukinzani sawa na wa mita, katika mstari mmoja, mnyororo uliozunguka meza yote, ili mita inyonye kwa mbali na kusoma sehemu moja tu ya mia. Ikasoma nane nukta tisa. Volti mia nane na tisini.

Ijumaa mkuu wa idara alikuja na mita yake mfukoni. Akaichomeka bila kuuliza.

"Mia nne na kumi. Nilijua."

"Itoe, Mheshimiwa."

"Niitoe nitapimaje?"

"Itoe, halafu nyamaza kidogo."

Akaitoa. Tk. Tk, tk. Akairudisha, kimya, akaitoa, tk. Alifanya hivyo mara nne kama mtoto na swichi ya taa, kisha akautazama ule mnyororo wa rezista na kuguna. "Tengeneza vingine vitano," akasema, akatoka. Hata kitini hakukaa.

Shangazi akabaki na ushindi wake na hapakuwa na wa kumwambia. Mimi nilikuwa kazini, simu nimezima. Akampigia Lehemu. Binti ndiye aliyepokea, akamshikia baba yake simu sikioni. Shangazi hakusalimu. Aliisogeza simu karibu na kihesabio, akangoja.

"Ni kile chako?" Lehemu akauliza.

"Ndicho."

"Juzi kwenye simu ulisema kimekwama mia nne."

"Nilikuwa napima."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mita."

"Hivi hivi? Mita tupu?"

"Mita tupu, bila rezista."

Lehemu akasema: "Mpumbavu mkubwa wewe."

"Najua."

"Miaka thelathini!"

"Najua, Lehemu. Nani angeniambia?"

Binti akasema baba anahitaji dawa zake, atapiga baadaye, na simu ikakatika. Shangazi aliniambia kwamba hakuzima betri. Alikivuta kiti cha pili karibu, akaweka juu yake waya wa transfoma ya kisanduku cha pili, akaanza kusuka. Moja. Mbili. Tatu. Kwenye mia na kitu alipoteza hesabu, kwa kusikiliza ile milio ya kihesabio, ikabidi afumue aanze tena.