Siku Almasi Ilipoliwa kwa Chai

Siku yangu ya kwanza kazini nilivuka kwa feri hadi Kamanga, nikiwa na sanduku la nguo na vitabu vya kemia. Nilifundisha huko Sengerema miaka minne, maabara yetu ikiwa kabati moja, kisha nikahamishiwa Kirumba, jijini Mwanza.

Huko mkuu wa shule, Msukuma mcheshi, aliniita ofisini. "Madam, mthibiti ubora wa shule anakuja kukagua kesho. Asipoona zana za kufundishia, mkondo wa sayansi unahamishiwa shule nyingine." Nilishtuka. Wasichana tisa walikuwa wamepigania nafasi kwenye mkondo ule, na wengi wasingeweza kuufuata shule ya mbali.

Nikatengeneza zana: mfano wa almasi, ambayo ni kaboni tupu. Atomi za kaboni zilikuwa vipande vya matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na bondi, yaani nguvu inayozishikanisha atomi, zilikuwa njiti za meno. Asubuhi niliiweka almasi yangu kwenye sahani, mezani kwa mkuu. Mimi ni mtoto wa Bukoba, nimelelewa kwa ndizi. Sikujua kwamba Msukuma akikuta matobolwa mezani, hapo amekaribishwa.

Niliporudi, mkuu na mthibiti ubora walikuwa wanamalizia chai.

"Madam, umetuheshimisha! Na njiti umetuwekea kabisa!"

"Mkuu, mmekula almasi."

Mgeni aliacha kutafuna. "Sasa utafundishia nini?"

Aliyejibu ni Nyamizi, mmoja wa wale tisa, aliyekuja kuchukua chaki: "Shikamooni. Madam, si tupo sisi?"

Tukatoka kwenda uwanjani. Kwanza wanafunzi wa mkondo wakawa grafiti, ile ya ndani ya penseli: mistari iliyoshikana mikono, lakini mstari na mstari haikugusana. Mthibiti akasukuma mmoja, ukateleza wote. "Ndiyo maana penseli inaandika," Nyamizi akaeleza. "Tabaka linateleza, linabaki kwenye karatasi." Kisha wakawa almasi, kila aliye ndani ameshikana na wanne, mbele, nyuma na pembeni. Mgeni akamvuta Nyamizi mpaka kofia ikamdondoka. Hakutoka! Kaboni ni ileile, mshikano ndio tofauti. Nilicheka hadi machozi.

Kwenye ripoti aliandika: "Zana zipo, na zinapumua." Mkondo ukabaki.

Nilistaafu mwaka jana. Juzi nilialikwa Nyegezi, kwenye shule anakofundisha Nyamizi. Nilikaa dawati la nyuma. Alieleza jinsi molekuli za maji zinavyoshikana zikiganda, zikaacha nafasi katikati, barafu ikaelea. Alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza mimi. Nikamgusa mwanafunzi wa jirani, nikamwomba karatasi na kalamu, nami niandike.