Maswali Aliyosamehewa Wifi Yangu

Wifi yangu haoni. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe huanza nalo, tena kwa sauti, ili mtu amalize kushangaa mapema waendelee na mengine. Presha ya macho ilimpata akiwa sekondari. Kwanza ulitoweka ubao, kisha mwalimu aliyesimama mbele ya ubao, mwishowe daftari mkononi mwake.

Leo ni operata wa simu katika hospitali kubwa. Ukipiga pale ukaomba wodi, sauti inayokuunganisha ni yake. Namba za ndani anazo kichwani, na madaktari anawatambua kwa wanavyovuta pumzi kabla ya kusema haloo. Ndiyo maana mtaani wanamwita Operata. Mimi nimeolewa na kaka yake, dereva wa lori, na ni fundi cherehani. Kibanda changu kimeegemea ukuta wa nyumba ya mama mkwe, kwa hiyo kila kinachosemwa ndani nakisikia hata nikiwa nashona.

Siku aliyosema anataka kusoma chuo, mama mkwe alikuwa anafua.

"Mwanangu," akamwambia, "kazi unayo, mshahara unao. Huko chuoni unafuata nini?"

"Nafuata kiti cha yule ninayemuunganishia simu, mama."

Mama alikamua shuka kana kwamba ndilo lililomjibu.

Akajiandikisha chuo cha jioni, masomo ya uongozi wa biashara. Chuo chenyewe kina mwaka wa kwanza wa mchanganyiko: uwe wa uhasibu, uwe wa masoko, lazima upite takwimu, fizikia, fedha na uchumi. Mihadhara hakuiogopa, masikio anayo. Shida ilikuwa kazi za nyumbani. Zilikuja kwenye karatasi, na karatasi inataka macho, ndipo mchana akitoka zamu akawa anakuja kibandani kwangu, anakaa kwenye kigoda karibu na pasi, ananiambia, "Haya wifi, soma."

Nikasoma. Mimi niliishia darasa la saba, na hizo karatasi zilikuwa na wadudu ambao sijawahi kukutana nao. "Hapa kuna herufi M imelala ubavu," nilimwambia.

"Hiyo ni jumla. Endelea."

"Halafu kuna u yenye mkia."

"Huo ndio wastani. Usiogope, haung'ati."

Kazi ya kwanza ya uchumi iliporudi imesahihishwa, nilimsomea. Maswali yalikuwa matano. Matatu yalitaka mchoro, na kwenye kila moja ya hayo mwalimu alikuwa amepiga mstari na kuandika neno moja: amesamehewa.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena.

"Nimekosa nini hata nisamehewe?"

Kesho yake nilimsindikiza ofisini kwa mwalimu wa uchumi. Alikuwa mtu mpole, mwenye koti lililopauka mabegani, na alivuta viti viwili yeye mwenyewe. Akaeleza kwamba si adhabu. Alama zitahesabiwa kwa maswali yaliyobaki tu. "Wenzako wangeshangilia," akasema.

"Basi wasamehe wao, mwalimu. Mimi nimelipa ada nzima." Hakupandisha sauti. Ile ile anayotumia kumwambia mtu kwamba laini ina shughuli. "Siku nikiomba kazi, mwenye kazi akaniuliza kama naelewa mchoro wa soko, nimjibu nini? Kwamba nilisamehewa?"

"Lakini utauchoraje?"

"Hilo niachie."

Tulipotoka nje, hatujamaliza hata ngazi, akanishika mkono. "Wifi, tutachoraje?"

"Si umesema akuachie wewe?"

"Mimi na fundi wangu."

Nilitaka kukasirika, nikacheka. Ndivyo alivyoniingiza.

Tulijaribu kamba na gundi. Gundi ilikauka imevimba, akagusa mstari mmoja akahesabu mitatu. Nikajaribu kutarizi kwa uzi mnene juu ya kitambaa. Kilipendeza sana, ila mchoro mmoja ulikula siku nzima na wateja wakaanza kunung'unika. Mwishowe macho yangu yakaangukia kile kigurudumu chenye meno ninachohamishia alama za mshono kwenye kitambaa. Niliweka karatasi ngumu juu ya kipande cha mpira, nikapitisha kigurudumu, nikaigeuza. Upande wa pili vinundu vilikuwa vimejitokeza kama vipele vya joto. Nikamwekea kidole chake juu. Akafuata mstari mpaka mwisho.

"Huu ni wa mahitaji?"

"Ndiyo. Nimeufuatisha kama ulivyo kitabuni."

"Wifi, huku bei ikipanda watu wananunua zaidi. Hawa ni watu wa wapi?"

Kumbe ukiigeuza karatasi, kila kitu kinageuka. Mstari unaoshuka unapanda, wa kushoto unakuwa wa kulia. Fundi mzima, ninayekata mikono ya mashati kushoto na kulia kila siku, hilo lilinipita. Tangu hapo tukawa tunaanzia kulia. Nami nikamtobolea futi yangu ya kitambaa kwa sindano kila sentimita, ili aweze kupima mwenyewe, kuchomeka pini pale anapotaka mstari uanze na pale anapotaka uishe, kisha kupitisha kigurudumu kando ya rula. Michoro ya kwanza ilikuwa imelewa, na vidole vyake vilijaa matundu ya pini. Kila nilipomwambia lete nikusaidie, aliuvuta ule mpira upande wake.

"Ukinichorea wewe, atakayefaulu ni wewe."

Takwimu tuliifanyia kwenye vifungo. Swali lilitaka mchoro wa urefu wa wanafunzi wa darasa moja, wangapi wafupi, wangapi wa kati, wangapi warefu. Akapanga vifungo juu ya meza ya kukatia, safu safu, safu za katikati zikiwa ndefu kuliko za pembeni, akipapasa na kusema, "Huyu wastani yuko hapa, na wengi wamemzunguka." Mama mkwe akaingia kuazima mkasi. Akatazama vifungo, akatazama binti yake.

"Ndiyo chuo chenyewe hiki? Kupanga vifungo?"

"Hapo umelisimamia darasa zima, mama. Usilimwage."

Fedha haikumsumbua, ilitaka hesabu tu, na simu yake inazo hesabu zinazosema. Kibanda kikajaa sauti ya yule mwanamke wa kwenye simu, anayetamka namba kama aliyebanwa pua. Swali moja liliuliza: mtu akikuahidi laki moja na ishirini na moja elfu baada ya miaka miwili, na riba ni asilimia kumi kwa mwaka, ahadi hiyo ina thamani gani leo? Wifi akagawa mara mbili kwa moja nukta moja, ikatoka laki kamili. "Na kama mwenyewe ni mwongo?" nikauliza. Akasema hiyo ni mada ya mwaka wa pili.

Fizikia ndiyo iliyotutesa. Gari linaanza kutoka kusimama, linaongeza mwendo kwa sekunde kumi mpaka mita ishirini kwa sekunde, linakwenda hivyo hivyo kwa sekunde thelathini, linafunga breki na kusimama kwa sekunde tano. Limekwenda umbali gani? Akachora. Nilipoona umbo lililotokea nikamwambia ni sketi iliyobana kiunoni, tena fundi wake kaikata vibaya, upande mmoja umemwagika kuliko mwingine. Akapapasa ndani ya mistari kwa kiganja kizima. "Basi umbali ni kitambaa cha hiyo sketi," akasema polepole, akaanza kukata kichwani: pembetatu mia moja, mstatili mia sita, pembetatu ndogo hamsini. Mita mia saba na hamsini. Mume wangu alikuwa mlangoni anakunywa maji. Akasema kwa lori lake, tena likiwa na mzigo, breki za sekunde tano ni za kitabuni.

Lakini maswali mengine ya fizikia hayakuwa sketi. Mwanga na vioo vilimkasirisha. "Wananiuliza habari za vioo," alisema, "kama vile walinikuta navyo." Akayafanya hivyo hivyo, akakosa, akayarudia, akakosa kwa namna nyingine.

Mwalimu wa uchumi alipopokea kazi ya kwanza yenye vinundu, aliinyanyua kwenye dirisha akaitazama kwa muda. Ilirudi ikiwa imesahihishwa kama za wengine, na chini kuna maneno ambayo nilimsomea wifi mara nyingi kwa sababu aliyapenda: mhimili wa bei haujaandikwa jina, alama moja imepotea.

"Imepotea," akawa anasema huku anacheka. "Wifi, nimenyimwa alama!"

Mtihani ukafika. Alipewa chumba chake peke yake na msomaji, mama mmoja wa maktaba, wa kumsomea maswali na kuandika majibu yake. Mimi nilikaa kwenye benchi nje. Siku ya uchumi mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, nikasikia kila neno.

"Swali la kwanza limekatwa," msomaji akasema. "Twende la pili."

"Limekatwa na nani?"

"Na ofisi. Lina mchoro."

"Naomba unisomee."

"Siruhusiwi, mwanangu."

"Shikamoo yako tena, mama, sina ugomvi na wewe. Niitie anayeruhusiwa."

Akafunga mikono kifuani. Msomaji akamsihi, akamwonyesha kwamba saa inakwenda. Akajibu anaisikia. Akaja mkuu wa mitihani, viatu vyake vikigonga korido yote.

"Dada, unapoteza muda wako."

"Ni wangu kweli. Ndiyo maana nataka kuutumia kwenye maswali yote."

"Huu utaratibu umewekwa kuwasaidia watu kama nyinyi."

"Watu kama sisi tuko wangapi hapa chuoni?"

"Uko peke yako."

"Mbona huyo mmoja hamkumuuliza?"

Mkuu akasema atamtoa nje ya chumba. Wifi akasema atatoka, lakini atatoka na karatasi yenye maswali yaliyokatwa, na kila mtu atakayekutana naye mlangoni atamwomba amsomee. Nikainuka kwenye benchi. Niliona mwalimu wa uchumi anakuja upesi, nadhani kelele zilimfikia. Akasimama kizingitini.

"Michoro yake nimeisahihisha muhula mzima," akamwambia mkuu. "Inasomeka. Makosa anayofanya ni ya uchumi, si ya macho. Msomeeni."

Mkuu wa mitihani akavuta pumzi ndefu, akampa ishara msomaji, akaondoka bila kuaga. Muda uliopotea hakurudishiwa. Wifi akatoa kwenye mkoba kipande chake cha mpira, pini na kigurudumu. Swali lilihusu kodi: muuzaji akitozwa shilingi nne kwa kila kimoja, bei itapanda kiasi gani? Nilimsikia anasema namba, nikasikia meno yanatembea kwenye karatasi. Mstari wa ugavi akausogeza, akagusa makutano ya zamani, bei ishirini, akagusa mapya, ishirini na mbili. Nusu anabeba mnunuzi, nusu anabeba muuzaji. Swali la mwisho hakulimaliza.

Matokeo yalibandikwa kwenye ubao, nikamsomea tukiwa tumebanwa na umati. Uchumi vizuri. Takwimu vizuri sana. Fedha ya wastani. Fizikia thelathini na tatu, na ili upite unahitaji arobaini.

Nilidhani atalia. Mwalimu wa fizikia alikuwa pale pale, akatuvuta pembeni akanong'ona kwamba kuna utaratibu, kwa hali yake anaweza kuongezewa alama saba, hakuna atakayejua.

"Nitajua mimi," wifi akasema, kwa sauti iliyomfanya mwalimu ageuke kutazama nani amesikia. "Wangapi wamefeli fizikia?"

"Kumi na wanne."

"Hao wengine wanaongezewa?"

"Hapana. Watarudia."

"Basi andika kumi na tano wa kurudia, na mimi nimo." Akacheka kabisa, katikati ya korido. "Nimefeli kama watu!"

Habari zilifika mtaani kabla yetu. Tulipoingia, jirani alikuwa ameshakaa sebuleni kumpa mama mkwe pole. "Maskini," alikuwa anasema, "si bora angetulia na simu zake?"

Mama mkwe alimtazama juu mpaka chini. "Maskini nani? Huyu amefeli fizikia ya chuo. Wewe umefeli nini?"

Jirani hakumaliza chai.

Mtihani wa kurudia aliufanya pamoja na wale kumi na wanne, baada ya wiki nyingi za vioo. Nilimkunjia waya kuwa miale, tukaigongesha kwenye bati la pasi la zamani mpaka akaelewa mwanga unaingia vipi na unatoka vipi. Akapata arobaini na sita. Aliniambia hakuna hata alama moja humo asiyoijua inakotoka.

Sasa yuko mwaka wa pili. Chuo hakikati maswali tena. Wanamuuliza mwanafunzi kwanza anataka nini. Mwaka huu ameingia mwingine asiyeona, akasema yeye michoro haitaki, wamwondolee. Nilitegemea wifi atamshukia. Badala yake alimpigia kutoka hospitalini kumkaribisha chuoni, akamwelekeza ngazi ipi ina nguzo katikati, na akamwambia akibadili mawazo, kibanda kiko wazi kila mchana.

Hakuniuliza mimi. Kibanda ni changu.