Mwamkiaji wa Mashineni

Felisiani alipanda kutoka Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, kutafuta kibarua Sumbawanga. Ushirika ukampa kazi ya kubana kwa gongo la mti mkanda wa mashine ya kusaga, usiruke. Mkanda ukiruka, hupiga kama mjeledi. Lakini mama yake, Dominika, alimlea vizuri mno: kila mkubwa akiingia na gunia lake la ulezi, Felisiani aliweka gongo chini, akachuchumaa, akapiga makofi taratibu na kuamkia. Siku moja mkanda ukamchana kiganja.

Kamati ya usalama kazini ikakutana. Mimi, muuguzi, nikaomba mkanda uwekewe kinga ya mbao.

“Dada, kinga ni mpango wa mwakani,” alisema mwenyekiti, Ndugu Eustace. “Tatizo la sasa ni adabu. Akiliachia gongo tena, arudi ziwani akavue dagaa.”

“Asiamkie wazee? Watasema tumeajiri mbuzi!” alidakia mjumbe mmoja.

Tukajadili mpaka chai ikapoa. Hatimaye Zubery, mpimaji wa unga, akateuliwa kuwaamkia wazee kwa niaba ya wafanyakazi wote. Kofia ngumu pekee tuliyokuwa nayo akavishwa yeye, ili atambulike. Wazee walimpenda, wengine wakawa wanakuja bila hata nafaka.

Kisha akaja Dominika na kikapu cha migebuka, samaki wa kwao ziwani, akimuulizia mwanawe. Zubery akamwahi mlangoni, akavua kofia, akachuchumaa.

“Shikamoo mama. Nakuamkia kwa niaba ya mwanao, Felisiani.”

Kikapu kikaanguka. “Kwa niaba? Mmemzika lini?”

“Hapana mama, yupo...”

Mashine ikameza maneno yake. Mama akaangua kilio cha msiba, na wanawake waliosubiri unga wakamsaidia, maana mtu haachwi kulia peke yake. Felisiani aliita kutoka ndani ya vumbi, hakusikika. Alimtazama mama yake, akamtazama mwenyekiti aliyekuwa akimtikisia kidole.

Akanyoosha mguu, akazima injini.

Hilo kamati nzima hatukuliwaza.

“Nani amekuruhusu kuzima?” alifoka Eustace.

“Gongo sijaliachia, Ndugu Mwenyekiti.” Kweli, lilikuwa kwapani.

Akachuchumaa mbele ya mama yake, akapiga makofi na kuamkia, unga ukimpukutika.  Mama aliishika mikono ile, akapapasa kidole kimoja kimoja, huku wanawake wakiendelea kulia polepole, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache.

“Marahaba,” akasema.