Bembea Inayolala Bomani

Fundi Sebastiani alizaliwa Nambis, huko juu milimani, akafundishwa useremala na mapadre, na watu wa kwao walipoteremka kutafuta mashamba chini ya mlima Hanang, naye akateremka nao, msumeno begani. Karibu na Katesh palikuwa na shule ndogo ya nyasi, na kila cha mti kilichokuwamo kilipita mikononi mwake, kuanzia ubao wa mwalimu hadi mlango usiofunga vizuri. Kwa ule mlango aliulaumu ukuta. Fundi hakosi wa kumlaumu.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa bembea. Aliisimamisha mwaka 1941, enzi ambazo watoto walikuwa wakimwona mwalimu anapita wanajificha kwenye mahindi: nguzo nne za mkaratusi, boriti ya mzeituni wa porini, kamba za katani na kibao cha kukalia. Mwalimu wa wakati ule alihubiri mwaka mzima akapata watoto tisa. Bembea ilikaa mwezi mmoja ikaleta thelathini. Sebastiani hakuisahau hesabu hiyo, wala hakuwaacha wengine waisahau.

Jambo moja tu hakulisema kwa watu. Binti yake Konsolata hakuwahi kukaa kwenye bembea ile. Watoto wa jirani walipokuwa wakibembea, yeye alikuwa na mbuzi wa baba yake, maana mbuzi hawajichungi, na baba aliona msichana asome ili iweje. Sasa Konsolata alikuwa ameolewa Endagikot na ana binti wa miaka sita. Barua zake anaandikiwa na katekista, na zikifika baba anasomewa na mwalimu, kwa hiyo hapakuwa na neno la mtoto kwa mzazi wake lisilopita kwa watu wawili wasiohusika. Kila barua ilimuuma mzee.

Ndiyo maana mwaka 1953, Udahosh alipoandikishwa, Sebastiani alifurahi kuliko hata mwalimu. Udahosh alikuwa msichana wa kwanza wa wafugaji wa tambarare kukanyaga shule ile. Baba yake, Gidabuday, alimleta mwenyewe, akachomeka mkuki nje ya mlango, akamwambia Mwalimu Joakimu, "Mpaka kiangazi. Kiangazi kikifika, ndama watamhitaji."

Wiki ya tatu nguzo moja ya bembea ilikatika. Udahosh alikuwa juu. Alianguka, akavunjika mkono wa kushoto.

Gidabuday alikuja akambeba bila kumsalimia mtu, na sleti ya mtoto ya kuandikia akaiacha hapo hapo. Watu wakasema huyo harudi tena. Sebastiani alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Kesho yake Mwalimu Joakimu, kijana wa suruali iliyonyooka kwa pasi, alimwita.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwalimu."

"Bembea hii uliijenga wewe, baba. Ikague, utuambie: tunaitengeneza au tunaiondoa? Mimi naona tuiondoe. Mbao zinatosha madawati mawili, na mtoto haanguki kutoka kwenye dawati."

"Hujawaangalia vizuri wa darasa la kwanza," alisema Sebastiani, akaenda kuchukua jembe na kisu.

Juu ya ardhi mkaratusi ulikuwa mzima, ukigongwa unaitika. Alipochimba kuuzunguka, kisu kilizama hadi mpini. Mchwa walikuwa wamekula moyo wote wa mti, wakaacha ganda kwa heshima tu. Na miezi miwili nyuma mzee huyu huyu alikuwa amezipaka nguzo hizo oili chafu ya lori, akazipiga kofi na kutangaza, "Hizi zitanizika." Hakuchimba. Alipaka palipoonekana. Pale kwenye shimo aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto.

"Kosa ni langu," alimwambia Joakimu. "Nilichagua mkaratusi kwa sababu umenyooka. Tuiondoe."

Akaanza kung'oa mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Alikuwa ameshalaza nguzo mbili pale Gidabuday alipotokea, peke yake, amekuja kufuata sleti. Alisimama akamtazama fundi anavyotoka jasho.

"Unafanya nini?"

"Naondoa kilichomvunja mtoto wako."

Gidabuday aliinama, akachungulia shimo, akaufinya ule unga wa mchwa kwa vidole.

"Ng'ombe wangu mmoja alitumbukia kisimani mwaka wa njaa," alisema. "Tulijenga ukingo. Tungefukia kisima, wengine wangekunywa wapi?" Akajifuta mkono kwenye shuka. "Na huyo mtoto anaiulizia bembea tangu alipoanguka. Hatupumui."

"Kwa hiyo atarudi?"

"Mkono ukipona. Mpaka kiangazi."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Sebastiani, lakini mtu hapewi vyote siku moja. Alipanda mlimani akaleta nguzo za mzeituni, zilizopinda kidogo, akaziunguza miguu kwenye moto ili mchwa wasizipende, akazishindilia mawe. Kamba za katani Gidabuday alizikataa. Alisema hizo ni za kufungia magunia. Akaleta mikanda ya ngozi ya dume la ng'ombe, aliyoisuka mwenyewe na kuilainisha kwa mafuta ya kondoo, na Sebastiani, kwa kuogopa mvua, akaongeza mafuta mengine juu yake. Wazee wawili wenye akili zao, na hakuna aliyejiuliza nani mwingine anapenda mafuta ya kondoo.

Watoto walibembea siku moja. Asubuhi ya pili kibao kilikuwa chini, mikanda haipo, na nyayo za fisi zimejaa uwanjani. Joakimu alisema mwanafunzi huyo amewahi kuliko wote na ameondoka bila kuitwa jina.

Gidabuday alisuka mikanda mingine. Swali likawa mikanda ilale wapi usiku. Shule ni ya nyasi na mlango wake tunaujua. Kwa fundi kuna mbwa watatu. Hapo ndipo wazo lilipomjia Sebastiani, akajitahidi kulisema kama jambo dogo.

"Ilale kwako. Boma lako ni la miiba, fisi hapiti. Asubuhi ije na Udahosh."

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule. Bila mikanda hakuna bembea."

Gidabuday alikuwa akiifikiria ngozi yake, akakubali.

Mkono ukapona, na Udahosh akawa anafika wa kwanza, mikanda shingoni, akiifunga kwa fundo alilofundishwa na baba yake. Mahindi yakavunwa. Nyasi zikakauka. Asubuhi moja Udahosh hakutokea. Sebastiani aliweka randa chini, akatazama njia hadi jua likapanda, na mwisho akaacha kutazama. Ndama walikuwa wameshinda.

Alipoinua macho tena, Gidabuday alikuwa anakuja, mikanda begani. Amekuja kuirudisha, alifikiri mzee. Kisha akamwona Udahosh nyuma ya baba yake, na nyuma ya Udahosh kundi zima la watoto wa shule.

"Leo nilimwambia abaki na ndama," alisema Gidabuday. "Hawa wote wamekuja bomani kwangu kudai mikanda. Ng'ombe wamekimbia. Nikawapa mikanda, wakakataa, wanasema fundo analijua Udahosh." Akamkabidhi binti yake mikanda. "Ndama nitawachunga mimi. Fundi, umenifunga kwa ukanda wangu mwenyewe."

"Nilikufunga," alikiri Sebastiani kwa furaha, akaokota randa yake.

Jioni ile alimkuta Joakimu shuleni akisahihisha sleti, akamwomba amwandikie barua kwenda Endagikot.

"Mwambie Konsolata mbuzi wake wachungwe na mwingine. Mtoto aje akae kwangu, asome."

Joakimu aliandika. "Niongeze nini, baba?"

Mzee aliutazama ule mlango wake usiofunga vizuri.

"Ongeza kwamba kwa kumnyima yeye shule, baba yake alikosea."

Joakimu akachovya kalamu, akaandika.