Mbwa Aitwaye Yuko Wapi

Mwaloni kwetu, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga upande wa ziwa wa Geita, mwenye mtumbwi anaitwa tajiri, hata kama kandambili zake zimeshonwa kwa uzi wa nyavu. Mimi ni tajiri wa mtumbwi mmoja. Nilitoka Ngokolo nikaja kununua dagaa wa kuuza Shinyanga mjini, nikaishia kununua chombo. Na kila tajiri hapa ana mbwa, kwa sababu mbwa ndiye analinda injini. Ukikaa bila mbwa, utaamka ukute injini imetembea.

Alasiri, dagaa wakiwa juani, matajiri tunakutana kwa mama wa chai na mazungumzo ni mbwa tu. Kuna mmoja aliyechimba dhahabu Rwamgasa mpaka akachoka. Mbwa wake anaitwa Duara, kama wachimbaji wanavyoliita shimo lao, kwa sababu unatia na kutia na hakuna kinachotoka. Kuna Mwislamu wa Kigoma asiyemgusa wake kabisa, lakini akifika mwaloni anauliza kama mbwa amekula kabla hajauliza wavuvi wamepata nini. Na yule wa Bukombe anaapa kwamba wake hutapika kabla mtumbwi haujasukumwa majini, kwa kuona tu watu wanashika makasia. Tunamcheka, naye anamtetea kama mtoto wa kumzaa: ana tumbo dogo, jamani, mwacheni.

Lakini majina ya mbwa huku yana anwani. Ukigombana na jirani huendi kumtukana, unafuga mbwa. Unamwita Mtanyooka, au Wivu Wenu, halafu kila asubuhi unasimama mlangoni unamwita kwa sauti. Nani atakupeleka kwa mwenyekiti kwa kumwita mbwa wako?

Jirani yangu ni tajiri pia, mjane, mtumbwi wake umefungwa ubavuni mwa wangu. Siku moja tuligombana kwa sababu ya nafasi ya kuanikia dagaa. Yeye ana mtoto mmoja tu wa kiume, naye alikuwa amekwenda machimboni na hajarudi muda mrefu. Akanitangazia mbele ya watu kwamba mwanawe akija, atanunua injini kubwa na mimi nitahama hapo. Akaongeza kuwa wengine tumezaa watoto wa kulala tu. Wangu, ni kweli, alikuwa amelala ndani saa hiyo. Iliniuma, na mimi nikiumwa sinyamazi.

Wiki hiyo hiyo nikapata kijibwa chekundu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Nikampa jina Yuko Wapi.

Kwa mama wa chai walicheka mpaka chai ikamwagika. Kila asubuhi nikawa natoka na makombo, nasimama upande wa nyumba ya jirani, naita, "Yuko Wapi! Yuko Wapi!" Yeye alifagia uwanja wake kama hasikii. Hakunijibu hata siku moja, na mimi nikahesabu kuwa nimeshinda.

Halafu kijembe kikaisha makali, kama vinavyoisha vyote. Ugomvi ukapita, tukaanza kuombana chumvi na viberiti. Mbwa akakua, na watu wakasahau jina lilitoka wapi. Yeye mwenyewe jirani akawa anamtunzia vichwa vya sangara, akimwita kwa kugonga sahani, au akisema "bhebhe, njoo," yaani wewe, kwa Kisukuma. Kwa jina hakumwita kamwe. Mimi nikaendelea kuita kila asubuhi, maana mbwa hajui jina lingine. Ningeweza kulibadilisha akiwa mdogo. Sikulibadilisha kwa sababu sikuwaza, na hapo ndipo ninapojiona mbaya. Kile kijembe angalau nilikitupa nikiwa na hasira. Miaka iliyofuata nilikirudia nikiwa na furaha zangu, nikijinyoosha.

Mwaka huu habari ikaja kutoka machimboni. Duara limetitia, maji yamejaa, na wenzake wameshindwa kumtoa. Kwa hiyo msiba uliwekwa bila mwili, uwanjani kwa jirani, mikeka na viti vya kuazima.

Nilimfunga mbwa nyumbani kwa kamba ya nanga. Nikaenda nikajiweka jikoni kwenye moshi, nikakoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Nilikuwa naogopa kitu kimoja tu, na hicho ndicho kikatokea. Katekista alikuwa mgeni, ametumwa na parokia siku hiyo hiyo. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua sala, mara mbwa akaingia na kipande cha kamba shingoni, akaanza kupita katikati ya mikeka akimnusa kila mtu.

Katekista akaomba kwa upole kwamba mwenye mbwa amwite.

Watu wote walijua mwenyewe ni nani. Wale matajiri waliomwaga chai kwa kicheko wakatazama chini. Nikapiga mluzi, mbwa akatikisa mkia. Nikapunga khanga, nikagonga mwiko kwenye sufuria, nikasema njoo, njoo. Akasimama pale pale akinitazama, anasubiri aitwe. Ningewezaje kusema maneno yale mbele ya mama aliyeambiwa kwamba mwanawe hatolewi?

Akaita yeye. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia.

"Yuko Wapi," akasema. "Yuko Wapi, baba, njoo."

Mbwa akaenda mbio, akaweka kidevu mapajani kwake. Na yule katekista, ambaye hakujua kuwa ni jina, akainama akamshika bega.

"Yuko kwa Mungu, mama," akamwambia.

Hakuna aliyemsahihisha. Sala ikaendelea.

Watu walipopungua nilimfuata mkekani. Nilitaka kusema mengi, nikasema nisamehe tu, dada. Hakuuliza kwa lipi. Alikuwa bado anampapasa mbwa lile sikio lililolala. Akaniambia kwamba jina lile alilielewa tangu siku ya kwanza, na siku ya kwanza alilia. Baadaye akalizoea, kisha akaanza kulisubiri.

"Ulikuwa unauliza kila asubuhi," akasema, "na mimi nikifagia nakujibu moyoni: yuko machimboni, anakuja. Nilikuwa na jibu. Sasa ukiita, nitajibu nini?"

Tangu siku hiyo simwiti mbwa. Nikimtaka, natembea mpaka nimkute alipo, na mara nyingi yuko mlangoni kwa jirani, naye jirani amesimama na ufagio mkononi, asubuhi, anatazama upande wa nyumba yangu.