Gari Lililolala Nyuma

Juzi pale Keko niliona gari likivuta boti, nyuma limelala hadi bampa likikaribia kugusa lami. Nikamkumbuka Baba Mdogo, hasira ikanipanda upya.

Mchana mmoja utotoni mwangu, tukielekea gereji, gari lake lililala hivyohivyo. "Shemeji, shuka utembee," akamwambia mama. "Mwili wako ndio unalikalisha gari." Tukamwachia jua na vumbi letu.

Gereji ilinuka grisi. Fundi aligongagonga uvunguni, mie nikadhani anasafisha tu. Leo najua alibadilisha springi zilizochoka. Mama alipotokea, ameloa jasho, gari lilikuwa limenyanyuka.

"Si unaona, Shemeji?" Baba Mdogo akamwambia. "Umeshuka, limepona."

Nami nilimwamini. Mwaka mzima nikawa nampakulia mama wali kiduchu, naye hakuniuliza kwa nini.