Ndege Yangu ya Maboksi ya Samaki

Ndiyo, ni mimi. Yule jamaa aliyemvua mama mkwe wake mtandio kwa ndege mbele ya ufukwe mzima wa Kibirizi ni mimi hapa, na kama kuna ambaye hajacheka acheke sasa amalize, maana nikianza kusimulia sitaki kukatishwa. Aibu niliipata, sikatai, aibu ya kutamani ardhi ipasuke nizame, lakini nimechoka kusikia habari hii ikisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo, wanaanzia pale ndege ilipoanguka kana kwamba niliirusha kama jiwe. Jamani, iliruka! Kabla ya kuanguka iliruka, na hilo hakuna anayelitaja.

Ilikuwa ile miaka ya wakimbizi, Warundi wanashushwa bandarini na mabegi na watoto, uwanja wa mpira umejaa mahema, mji umejaa magari meupe yenye antena ndefu. Mimi nilikuwa fundi wa majenereta kwenye shirika moja la misaada (jina nalihifadhi, wao hawana kosa lolote), na huko huko kwenye mahema ndiko nilikompata Mwajuma, muuguzi, mtoto wa Kibirizi. Sasa kila wiki nilikuwa natumwa uwanja wa ndege kupokea vipuri, na vipuri vilikuja na kindege kimoja cheupe, mabawa yamekaa juu ya mgongo, pangaboi moja puani, kinatua kwa adabu utadhani kinapiga hodi. Nikakipenda. Wenzangu wanapakia mizigo, mimi nimesimama napiga picha magurudumu.

Nikaamua nitaijenga ndege ile. Ndogo, ya betri, ya kuongozwa kwa rimoti, na siyo ya kufananafanana: kila mita ya ndege ile kwangu iwe sentimita saba, mabawa, mkia, mpaka ngazi ya mlangoni. Mota, betri, rimoti na vile vimota vidogo vya kuvutia mkia vilitoka Dar vikaja kwa treni ndani ya begi la binamu yangu. Kilichobaki ni mwili. Wenzetu wa mijini wananunua povu maalumu, lile jepesi gumu, mimi nikaangalia huku na huku nikaona mbona Kibirizi povu limejaa bure: yale maboksi meupe ya kusafirishia samaki wetu wa migebuka na barafu, yakipasuka yanatupwa tu. Nikayachukua. Uamuzi wenyewe ndio huo, mdogo hivyo hivyo, na yote yaliyonipata yametokea humo.

Niliyaosha, msidhani sikuyaosha! Nikayasugua kwa sabuni ya unga, nikayaanika juu ya bati, nikayakata kwa waya wa koili ya jiko la umeme ulioshika moto (ukiupitisha kwenye povu linakatika lenyewe, raha tupu), nikabandika, nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe na mistari ya buluu, hata rubani nikamweka, wa karatasi, ana miwani. Nikaiinua kwa vidole viwili chini ya mabawa, nikawa nasogeza betri mbele na nyuma mpaka ikatulia haiinamishi pua wala mkia. Mwajuma akaja kuiona pale kwangu mtaa wa Mwanga, akaizunguka, akatabasamu, halafu akakunja uso.

"Sadi, hii ndege inanuka samaki."

"Inanuka rangi hiyo," nikamwambia.

Sasa mimi nimezaliwa Ujiji, nimekula migebuka kabla sijaota meno, pua yangu haijawahi kukosa harufu ya samaki, ningejuaje? (Ila mtu wa Kibirizi akikwambia kitu kinanuka samaki, ndugu zangu, msikilizeni, kwa sababu yeye amezoea zaidi yako na bado kimemshinda.)

Tatizo langu kwa wakati huo halikuwa harufu, lilikuwa Bi Tausi, mama yake Mwajuma. Huyu mama ana vichanja vya dagaa pale ufukweni na sauti inayofika kwenye mitumbwi bila simu. Washenga wangu alishawarudisha mara mbili. "Mwanaume mzima, na ndevu zake, anajenga midoli!" Ndivyo alivyosema. "Mwanangu hatoki kwangu kwenda kwa mtu wa midoli." Mara ya tatu akakubali kuwasikiliza, ila kwa sharti: waje na jibu moja tu, midoli ninaacha au siachi, na jibu likiwa baya wasirudi tena.

Mshenga wangu mkuu alikuwa Baba Mdogo Issa, mtu wa maneno matamu kupita halua. Akaniita akaniambia, "Wewe siku hiyo kaa kwako Mwanga, utulie. Mimi nitasema umeacha."

"Lakini sijaacha, baba."

"Nitasema umeacha, Sadi. Ukishaoa utajua mwenyewe."

Hapo damu ikanichemka. Sikuiba, sikulewa, simdai mtu wala mtu hanidai, nimejenga ndege kwa mikono yangu, halafu nisemewe nimeacha kama mtu aliyekuwa mvuta bangi? Nikajiambia hapana. Huyu mama anaita mdoli kwa sababu hajaiona ikiruka. Akiiona inapita juu angani, inageuka, inarudi kutua, atasema mwenyewe huyu ni fundi. Nikaanza kuchaji betri.

Siku yenyewe ilipangwa wakati wa mbalamwezi, na hapa lazima niwaelezee mnaoishi mbali na ziwa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo wavuvi hawaingii majini, wanashona nyavu, wanapumzika, na shughuli zote za posa na harusi zinawekwa hapo kwa sababu watu wana nafasi. Na ufukwe wa kuanikia unakuwa mtupu, hakuna hata dagaa mmoja mchangani wala kichanjani. Mimi nikaona hiyo ndiyo njia yangu ya kurukia: uwanja wa mpira una mahema, uwanja wa ndege haukubali mchezo, hapa pako wazi, mchanga wa kando ya maji umeshikana vizuri. Niliwaza mchanga, niliwaza upepo, nikaja asubuhi kabla ziwa halijaanza kupuliza. Kitu kimoja sikuwaza. Mwewe wa Kibirizi wanakula dagaa wa kuiba vichanjani, na siku hizo za mwezi hawakuwa wameiba kitu, walikuwa wamekaa juu ya mapaa wamenuna kwa njaa.

Basi nikaiweka chini. Watu walikuwa wamejaa, wavuvi wanacheza drafti, wachukuzi wamelala kwenye magunia, na mbele kidogo, nyumbani kwa Bi Tausi, limefungwa turubai, wazee wamekaa kwenye mikeka, akina mama upande wao na mabirika ya chai, Baba Mdogo Issa anaonekana mikono inazunguka, yaani ameshafika kwenye maneno matamu. Mimi rasmi siko pale. Mposaji hahudhurii posa yake. Nikasukuma mota.

Jamani. Ilikimbia mchangani, ikayumba kidogo, halafu magurudumu yakaachana na mchanga, ikapanda! Ikapanda ikapita juu ya mitumbwi, nikaikata kulia kuelekea ziwani, jua likaipiga kwenye mbawa, nyeupe pee, ikazunguka ikarudi na ule mlio wake mwembamba, na Kibirizi nzima ikasimama. Drafti zikaachwa. Mtu mmoja akapiga kelele akimwita mama yake kwa kilugha, "Mawe yee! Ndege ya wazungu imezaa!" Nilicheka mpaka machozi. Nikaipitisha juu ya turubai, makusudi kabisa, nikamwona Bi Tausi ameinua uso na kikombe kimekwama hewani. Nisingebadilishana dakika ile na kitu chochote.

Halafu mwewe wa kwanza akashuka.

Mwanzoni nilidhani anashangaa tu. Kumbe harufu imemfikia, akaipiga kucha mgongoni, kipande cha povu kikaruka, na wenzake kule juu ya mapaa wakaona mwenzao amepata. Wakaja wote. Mwewe, kunguru, kila mwenye mbawa na njaa. Nikapandisha ndege, wakapanda. Nikaigeuza, wakageuka, wanajua kuruka kuliko mimi, hiyo ni kazi yao. Nikasema niirudishe kwangu, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu ndege ikikujia uso kwa uso kulia kwake ni kushoto kwako, na mimi kwa kiwewe nikavuta kulia, ikaenda kushoto, yaani turubaini, imeinamisha pua, na kundi zima la mwewe nyuma yake kama harusi inasindikizwa.

Wazee walilala chini. Birika likaruka. Ndege ikaingia chini ya turubai, ikamkosa Bi Tausi kichwa kwa kiasi kidogo sana, lakini pangaboi likaudaka mtandio wake, mpya, wa siku hiyo, likauvuta ukatoka kichwani. Na mimi nikadondosha rimoti, ikaangukia ule wenzo wa kuongezea mota, mota ikawaka nguvu zote! Ndege iko chini, inajikokota mkekani, inameza mtandio. Bi Tausi akashika upande wake. Akavuta. Ndege ikavuta. Tena kichwa kiko wazi, na msusi alikuwa hajamalizana naye, upande mmoja matuta yamelala vizuri, upande wa pili nywele zimesimama hewani, na Kibirizi nzima inaangalia.

"Achia, Mama! Achia!" nikawa napiga kelele huku nakimbia.

"Siachii! Mtandio wangu!"

Vidole vyake vilikuwa vinasogea kwenye pangaboi. Nifanye nini? Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, hamtazami usoni, wakikutana njiani anampisha pembeni, sasa kumgusa ndiyo usiseme. Nikamshika kiuno kwa mikono miwili nikamvuta nyuma, tukaanguka wote kwenye chai iliyomwagika, nikanyoosha mguu nikaipiga ndege teke, betri ikachomoka. Halafu nikasikia ufukwe mzima umesema "Haaa!" kwa pamoja. Najua inavyoonekana. Lakini ningemwacha akatwe vidole ili nionekane nina adabu? Mpaka leo nauliza.

Mgambo naye huyo, anakuja mbio na kirungu. Miaka ile, kwa ajili ya machafuko ya ng'ambo ya ziwa, kila kitu cha ajabu ufukweni kilitiliwa shaka, mpaka redio za kawaida.

"Kidude cha nani hiki? Unatuma picha ng'ambo, siyo? Na huyu mama umempiga?" Akanikamata ukosi, akamgeukia Bi Tausi. "Mama, huyu mtu ni nani kwako? Kama humjui naenda naye kituoni sasa hivi."

Bi Tausi alikuwa anahema, khanga imelowa chai, mikono juu ya kichwa. Hasira zilimjaa mpaka zikachagua maneno zenyewe. "Nisimjue? Mkwe wangu huyu! Ndiyo maana nasema hana haya! Mkwe gani anamkumbatia mama mkwe wake mbele ya watu? Atanilipa! Mbuzi nataka, na doti ya khanga!"

Baba Mdogo Issa alikuwa bado yuko chini ya mkeka, lakini masikio yake hayakuwa chini ya mkeka. Akainuka na vumbi lake. "Mmesikia? Kasema mkwe!"

"Sijasema!"

"Umesema, mama, tena mbele ya serikali," akamwonyesha mgambo. Akina mama wakapiga vigelegele, wanacheka wanafuta chai, na Mwajuma mlangoni ameziba mdomo kwa viganja viwili.

Bi Tausi akaona amenaswa, akainua kidole. "Sawa. Lakini midoli aache. Si mlisema ameacha? Aseme hapa mwenyewe, kwa mdomo wake."

Wote wakanigeukia. Baba Mdogo Issa ananikonyeza, sema ndiyo, sema ndiyo wewe mtoto. Mwajuma ananiangalia tu. Nikamwona, nikaona na ile ndege yangu imevunjika bawa, rubani hana kichwa, na nilijua kabisa nikikosea neno nimempoteza. Nikainamisha macho kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Mama. Mbuzi nitaleta. Khanga nitaleta doti mbili. Kuacha sijaacha, na siachi. Ile ndege nimeijenga mimi, na imeruka, nyote mmeona."

Bi Tausi akauvuta mtandio wake, kilichobaki, akajifunika taratibu upande ule wa nywele zilizosimama. Kisha akamgeukia Baba Mdogo Issa, wala si mimi.

"Wewe mzee umenikalia hapa asubuhi yote unaniapia ameacha." Akatikisa kichwa. "Afadhali huyu mpumbavu. Huyu akimpiga mwanangu, akichepuka, akifilisika, atakuja kuniambia mwenyewe. Haya, mbuzi awe dume."

Mbuzi nilimpeleka, dume, na Mwajuma yuko ndani hapo anasikia kila ninachosema. Nimejifunza, msidhani sijajifunza: boksi la samaki siligusi tena hata la kuwekea sabuni, mbalamwezi sirushi kitu, na ndege ikinijia uso kwa uso najua mkono upi ni upi. Ndege ya pili imekauka rangi jana, na hii haina hata chembe ya povu la Kibirizi. Bi Tausi aliniuliza kupitia pazia, kama desturi inavyotaka, hivi Sadi utaacha lini? Nikamjibu kwa adabu zote, kichwa chini, sauti ya chini.

"Siachi, Mama."